Baba anamwongezea binti mazoezi juu ya ya shule. Nianzie wapi?

MwalimuMichezo
Habari za jioni wanajukwaa. Binti wa miaka 14, mita 1500, shule ya kutwa karibu na Iten. Mazoezi ya shule ni Jumatatu hadi Ijumaa: dakika 45 alfajiri, dakika 90 jioni. Baba humkimbiza tena dakika 120 Jumamosi na 90 Jumapili. Kwa wiki sita sasa muda wake unarudi nyuma, usingizi umeharibika, na muundi wa kulia unamuuma. Baba anaona ni uvivu, kwa hiyo anazidisha. Nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima?

KochaChipukizi
Mwalimu, muundi kwanza, tena leo. Akiweza kuonyesha maumivu kwa ncha ya kidole, au yakimwamsha usiku, asikimbie tena mpaka aonwe na daktari. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa mdogo wa mfupa, kwa hiyo picha safi isimrudishe uwanjani. Apimwe pia damu, madini ya chuma na malaria. Uchovu wa magonjwa hufanana sana na wa mazoezi. Mwalimu wa kike amuulize kuhusu hedhi: ikikatika miezi mitatu, huenda chakula hakitoshelezi kazi anayofanya.

Sasa hesabu. Shule ni saa 11 na dakika 15, baba saa 3 na nusu. Jumla 14 na dakika 45, bila siku hata moja ya kupumzika. Kwa chipukizi, saa za wiki zisizidi umri wake, na siku moja au mbili ziwe za mapumziko kamili. Atakapopona, ondoa Jumapili na alfajiri tatu: zinabaki saa 11. Usimrudishe kwenye saa hizo kwa mkupuo. Aanze na dakika 20 za polepole, siku moja akimbie, siku moja apumzike.

Baba huenda anaiga wanariadha wakubwa wa hapo Iten wanaokimbia mara mbili kwa siku. Mwambie wale hulala mchana. Huyu mchana yuko darasani.

Hamasa_na_Mwili
Naongeza upande wa baba, maana kwangu ndio mzizi. Mtoto anaweza kumwambia kocha "nimechoka". Baba anayemlisha na kumlipia karo, hawezi kumwambia hivyo. Kwa hiyo huficha maumivu, na dalili ya kwanza inayoonekana nje ni muda kuwa mbaya. Mzee anaiita uvivu, anaongeza mzigo, muda unazidi kuwa mbaya.

Angalia pia zawadi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha kwamba watu waliolipwa kutatua mafumbo walipunguza kuyachezea malipo yalipokoma. Pesa kwa kila ushindi inaweza kumfanyia mtoto hivyo hivyo: mbio zinakuwa kazi ya kumridhisha mlipaji. Baada ya mashindano, wakiwa kwenye matatu, baba asianze na muda wala nafasi. Aulize kama amekula, na mbio azitaje binti mwenyewe akitaka.

Usiende kumnyang'anya mtoto. Nenda nyumbani, mama awepo, na ufungue hivi: "Mzee, tumekuwa tukimfundisha wawili bila kuonyeshana ratiba." Ni kweli, na shule nayo inabeba sehemu yake. Kisha mpe daftari. Kila asubuhi aandike saa za usingizi (8 hadi 10), mapigo ya moyo ya dakika nzima kabla binti hajatoka kitandani, hamu ya kula, na maumivu kwa alama 0 hadi 10. Mapigo yakizidi wastani wake kwa 7 au zaidi siku mbili mfululizo, baba ndiye anayekupigia simu kusema leo hakimbii.

MwalimuMichezo
Asanteni sana. Kesho asubuhi hospitali, jioni nyumbani kwao. Na akipumzika wiki mbili bila kuchangamka?

KochaChipukizi
Basi si uchovu wa kawaida. Rudini kwa daktari na daftari la baba mkononi, na msimu huu msihesabu mashindano yoyote.