Ghala libaki, kijiji kiondoke? Mjadala wa Harmondsworth na njia ya tatu ya Heathrow

Wadau, ukitoka Nairobi ukashuka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, umeshuka mahali palipokuwa na kitongoji cha wakulima. Kiliitwa Heath Row. Kilivunjwa 1944 kupisha uwanja, na leo lililobaki ni jina tu. Sasa zamu imefika kwa jirani yake, Harmondsworth, kijiji ambacho kimo hata katika Domesday, daftari la mfalme la kuorodhesha ardhi ya Uingereza, la 1086.

Historia fupi: Juni 2018 Bunge la Uingereza lilipitisha sera ya njia ya tatu ya kurukia ndege kwa kura 415 dhidi ya 119. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikairudisha. Januari 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza kwamba serikali inauunga mkono mradi. Tume ya Viwanja vya Ndege, 2015, ilitaja nyumba 783 za kubomolewa, zikiwemo nyingi za kijiji hiki.

Watetezi wa mradi wanasema urithi uko salama, kwa sababu Ghala Kuu, ghala la kale la nafaka la kijiji hiki, na kanisa la Mtakatifu Maria vitabaki nje kidogo ya uzio wa uwanja. Hapo ndipo ninapogoma.

Ghala lenyewe lilijengwa na Winchester College, shule ya kale ya Uingereza, mwaka 1426 hadi 1427, kwa ajili ya nafaka ya shamba lake. Lina urefu wa karibu mita 60, mbao za mwaloni kila upande, na nguzo zake zimekalishwa juu ya mawe ili zisinywe unyevu wa ardhi. Sehemu kubwa ya mbao hizo ni zilezile za fundi wa kwanza. Ukisimama ndani utadhani uko kanisani.

Lakini si daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kihistoria lililoliokoa. Lilikuwa na daraja hilo tayari pale kampuni iliyosajiliwa Gibraltar ilipolinunua 2006 kwa pauni 1, kisha likaachwa lichakae. Wakazi ndio waliopiga kelele, mpaka English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale, ikalichukua kwa pauni 20,000. Tangazo lilitoka mwanzoni mwa 2012. (Pauni 20,000! Hapo London hupati hata chumba.) Na hadi leo wanaofungua milango na kupokea wageni ni watu wa kujitolea wa hapohapo.

Nakubali upande wa pili una hoja. Heathrow ina njia mbili tu na imejaa. Uwanja umeahidi wenye nyumba bei ya soko pamoja na asilimia 25 juu yake, na wapo watakaoipokea kwa mikono miwili. Miaka mingi ya kutojua kama utahamishwa au la inachosha kuliko kuhama kwenyewe. Siwalaumu.

Ninachokataa ni huu ujanja wa kuhesabu majengo mawili na kusema kijiji kimehifadhiwa. Kama mnataka njia ya ndege, semeni wazi kwamba Harmondsworth inakufa, na bei ya kifo hicho iwekwe mezani pamoja na faida zake.

Mnaounga mkono, karibuni. Nianzieni hapa: nyumba zikishavunjwa, Jumapili nani atalifungua ghala, na litafunguliwa kwa ajili ya nani?