Gumzo la Majirani, Mbweni: Bundi Darini

Mzee Shomari (Mjumbe): Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa majirani wote. Nimeletewa taarifa kwamba darini kwa Bi Mwanaidi wameingia bundi, na kwamba vijana wawili wamejitolea kupanda kesho kuwafukiza kwa moshi. Kabla hawajapanda, naomba tusikilizane.

Bi Mwanaidi: Wa alaikumu salamu, mwanangu. Tangu isha mpaka alfajiri kuna mkoromo juu ya kichwa changu kama wa mtu aliyebanwa na pumu, na sisi tuliokulia pwani tunajua bundi akilia juu ya paa huwa anatangulia nini.

Neema: Shikamoo, Bibi. Jana alasiri, kwa ruhusa ya mjukuu wako, tulipanda mimi na wenzangu tunaojitolea kulinda wanyama wa mtaani, tukamulika tochi kwenye tundu la ubao. Ni bundi wa uso mweupe, na ana makinda wanne. Mkoromo huo ni wa makinda wanaodai chakula. Kwa kuwa mayai yao huanguliwa kwa kupishana siku, mkubwa ameshaanza kuota mbawa ilhali mdogo angali dhaifu kabisa. Wakifukizwa sasa, wazazi watakimbia na makinda watafia humo humo, na harufu yake, Bibi, ndiyo itakayokunyima usingizi kwelikweli. Huruka wakifikisha takriban miezi miwili.

Baba Juma: Mimi nauliza kama mwenye duka. Panya wananitobolea magunia ya mchele na sumu nimeshaweka. Bundi hawa wana faida gani kwangu?

Neema: Hao panya ndio chakula chao, Baba Juma. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya vikiwa vimeshikamana katika kibonge. Tumeokota vibonge vingi chini ya mwembe wa Bibi, na Jumamosi watoto watavichambua kwa vibanio, wakiwa na glavu na barakoa, wahesabu mafuvu wenyewe. Ila sumu nakuomba uiondoe utumie mitego ya kubana, kwa sababu panya aliyekula sumu hukawia kufa, na bundi akimkamata katika hali hiyo naye hudhurika.

Ustadhi Hamisi: Bi Mwanaidi, kwa heshima zote, Mtume (s.a.w.) amekanusha mikosi ya ndege katika hadithi aliyoipokea Bukhari, na miongoni mwa wanazuoni wapo waliosema kuwa ndege aliyekusudiwa humo ni bundi. Watoto wa madrasa nitawaleta mwenyewe.

Bi Mwanaidi: Hadithi naikubali, Ustadhi, lakini usingizi bado sijaupata. Nitahamia chumba cha uani mpaka waruke, na wakisharuka tundu lile lizibwe siku hiyo hiyo.

Neema: Tutaliziba, Bibi, baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, na tutawatundikia sanduku la mbao kwenye mnazi ulio mbali na nyumba.

Mzee Shomari: Basi vijana wasipande na moshi wao. Baba Juma, tutaazima ngazi yako ndefu. Wazazi mnaoruhusu watoto, nitumieni majina kabla ya Ijumaa ili Neema ajue anunue glavu ngapi.