MREJESHO: Sehemu darasa la tano, zoezi wanapata, jaribio wanaanguka

Walimu wenzangu, habari za kazi. Niliuliza kwa nini darasa la tano, mikondo miwili hapa Temeke, wanapata zoezi la kujumlisha sehemu halafu wiki mbili baadaye jaribio linawaangusha. Mlishauri tupange somo pamoja na tupime kila kipindi.

Kilichosaidia zaidi ni kikaratasi cha mwisho wa kipindi: robo ya karatasi ya daftari, maswali mawili, dakika 5. La kwanza wakokotoe 1/2 + 1/3, la pili wachore. Hakuna alama. Walimu wa mikondo yote miwili tunavigawa mafungu matatu: amepata, ameteleza kwenye hesabu, hajaelewa dhana. Kazi haichoshi, maana unatafuta kosa tu, husahihishi. Fungu la tatu lilijaa 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mchoro ndio unaowaumbua, kwani 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo! Kipindi kinachofuata kinaanzia hapohapo, na andalio la somo linarekebishwa siku hiyohiyo.

Kutembeleana darasani kulikwama. Vipindi vinagongana, na mwalimu akijua anatazamwa huandaa somo la maonyesho. Sasa mgeni anaangalia madaftari ya wanafunzi sita, mwalimu hamhusu. Vikaratasi hivyo tunavipeleka pia kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini).

Limebaki la kunakiliana, dawati moja watoto wanne. Maswali tofauti ya A na B kwa walioketi jirani yanapunguza, ila ubao unajaa. Mwenye mbinu nyingine?