Madumu ya petroli kwenye Prado, Mbeya mpaka Rungwa: yakae wapi?

Mwana_Isyesye:
Wakuu habari za jioni. Mwisho wa mwezi tunatoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi hadi Rungwa, halafu tunazungukazunguka porini. Gari ni Prado ya petroli, tangi lita 87, kwenye mchanga nakadiria km 6 kwa lita kwahiyo nataka lita 40 za akiba. Fundi anasema chukua tu madumu ya njano ya mafuta ya kula tupia nyuma ya siti, wife kagoma kabisa. Nani yuko sahihi?

Mnyalu_Ipogolo:
Kamwene. Wife. Yale madumu petroli inayalainisha, mfuniko nao unavuja kidogokidogo, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatulia chini kwenye kapeti mnapokaa nyie na watoto, hapo cheche moja tu. Tafuta ya chuma ya lita 20 yale ya kijeshi, kagua mpira wa mfuniko, weka kwenye keria ufunge na mikanda isiyochezacheza.

Dereva wa Makete:
Keria sawa ila mkuu piga hesabu, lita 20 za petroli ni kama kilo 15, ukijumlisha na chuma chenyewe mawili yanagonga karibu 40 huko juu, kwenye makorongo gari linayumba balaa. Na usijaze mpaka shingoni, acha nafasi. Sisi tukijaza Kyela huko chini joto kali halafu tukapanda Kitulo dumu linavimba, ukilifungua haraka linakurushia usoni. Legeza taratibu lipumue kwanza.

Mnyalu_Ipogolo:
Kweli aisee. Na sheli dumu literemshe chini kwenye sakafu ndio ujaze, sio likiwa juu ya gari, umeme tuli huo hauna urafiki na mtu.

Dereva wa Makete:
Mi nikifika nusu tangi tu nasimama, nazima injini, nasubiri ipoe ndio namimina. Dumu tupu mfuniko ukaze vilevile maana mvuke umebaki humo. Na funeli beba, mambo ya kunyonya mpira kwa mdomo acha.

Mwana_Isyesye:
Shukrani wakuu. Kwahiyo nikimimina mapema keria nayo inapungua uzito kabla ya njia mbaya, nimeelewa. Mtungi wa kuzimia moto uliopo gari hii ni wa kilo 1, unatosha au niongeze?

Mnyalu_Ipogolo:
Ongeza wa unga mkubwa zaidi, na uufunge karibu na dereva, usiufukie chini ya mabegi.