Mama anaenda kuchomwa ndani ya moyo, umio unalindwaje?

BintiPwani: Salaam wadau. Mama ana miaka 64, mwaka wa tatu sasa mapigo ya moyo yanamwenda ovyo na dawa zimegoma, mwezi ujao tunampeleka Chennai, India, akafanyiwe ablesheni, yaani kuchoma vijisehemu vya moyo vinavyovuruga mapigo. Daktari katutajia hatari zake, moja imenitoa usingizi, eti joto linaweza kupenya ukuta wa moyo likaunguza umio, ile njia ya chakula. Sasa wanauonaje na kifua hawakifungui? Siti skani kashapigwa, inatosha?

FundiEko: Pole dada. Mie ni mtu wa eko ya moyo, zile picha za mawimbi ya sauti, niko Uingereza. Umio umelala nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, katikati ni milimita chache tu, na ndo hukohuko wanakochoma kuzunguka mishipa inayotoka mapafuni. Siti inasaidia kama ramani ila umio hautulii, unahama hata kazi ikiwa inaendelea, kwa hiyo picha ya wiki jana peke yake haitoshi. Wengi wanapitisha eko ndogo kwenye mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo, umio unaonekana laivu, halafu ndani ya umio kunawekwa waya wa kupima joto, likipanda wanaacha kuchoma. Wengine wanausogeza pembeni au wanaupooza kwa maji baridi. Waulizeni watatumia ipi, msione haya.

Mzee_Kilindini: Mie nilifanyiwa ablesheni ya kugandisha kwa baridi badala ya kuchoma. Kule wanachunga pia neva ya kiwambo (msuli wa kupumulia) upande wa kulia, waliishtua kwa umeme muda wote huku daktari kaniwekea mkono tumboni, mshtuko ukififia wanasimama. Uliza na ablesheni ya mipigo ya umeme mwanangu, haitegemei joto, Marekani waliruhusu mashine ya kwanza Desemba 2023.

FundiEko: Kweli mzee. Dada, kingine, tundu kati ya umio na moyo ni nadra sana lakini linaua, na huwa linajitokeza wiki kadhaa mgonjwa akiwa kwake. Akipata homa, kifua kuuma, shida ya kumeza au dalili za kiharusi mkimbizeni na mseme mapema KAFANYIWA ABLESHENI. Apigwe siti ya kifua kwanza, wasimtie kamera ya kooni, hewa inayopulizwa na kamera inaweza kupita kwenye tundu ikaingia moyoni ikapanda ubongoni.

BintiPwani: Asanteni sana jamani. Tunarudi Mombasa siku chache tu baada ya kazi, kwa hiyo hizo wiki zote atakuwa nyumbani. Hili la kamera naliandika kwenye karatasi ikae kwenye mkoba wake na nyingine kwa dada anayelala naye.