Watoto wanaolala feri Mtwara wameanza gundi, nifanyeje?

MamaWaFeri:
Wadau habari za jioni, naomba ushauri. Mimi nauza chakula huku feri Mtwara, asubuhi chai na uji, mchana wali samaki. Nyuma ya mabanda yetu wanalala watoto wanne watano hivi, walikuja mjini msimu wa korosho pesa ikiwepo na msimu umeisha wamebaki. Wanabeba ndoo za samaki, wanaosha vyombo, wanaokota vyuma chakavu wanaenda kupima. Wale wakubwa bangi nilishaizoea kuiona, lakini yupo mmoja mdogo, namkadiria miaka tisa kumi, mtoto wa kusalimia shikamoo kila akipita. Juzi namwita anywe uji anakuja mkono wa kulia umejificha kwenye sweta, kikombe akapokea na kushoto. Kumbe kashika kachupa ka maji kana gundi ya njano chini, hataki kukaachia hata akila. Nikamuuliza unavuta ya nini hii, ananiambia mama usiku baridi, na ukivuta njaa husikii.

Majirani wanasema niache kuwapa chakula eti ndio kinachowavuta, wengine wanasema tuite mgambo wawasombe. Walishawahi kufukuzwa usiku, kesho yake wakarudi palepale. Mtu kama mimi naweza kufanya nini hasa kwa huyu mdogo?

UstawiMstaafu_Lindi:
Dada hongera kwa moyo, na uji usiache kumpa. Kwa sasa wewe ndio mtu mzima pekee anayejua huyo mtoto kaamka au hajaamka.

Hiyo gundi ya viatu ina kemikali inaitwa toluini, mtu akivuta inafika kwenye ubongo haraka sana, inaondoa njaa na woga ndio maana wanaitafuta zaidi usiku. Ikizoeleka inaharibu kumbukumbu, macho, masikio mpaka mwendo. Na kuna jambo naomba wote mlioko hapo feri mlijue, mtoto akiwa ametoka kuvuta MSIMKIMBIZE wala kumshtua, moyo unaweza kuvurugika mapigo ukasimama hapohapo hata kama ndio mara yake ya kwanza kuvuta. Kwa hiyo hizo habari za kufukuzana nao usiku na virungu mziache kabisa. Ukimkuta kalegea mpeleke kwenye hewa safi, mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, asipoamka wahi naye hospitali ya Ligula.

Watu watakwambia apelekwe akapewe dawa. Metadoni iliyoanza pale Muhimbili 2011 ni ya waliozoea heroini na jamii yake, gundi haina dawa ya namna hiyo. Anachohitaji ni pa kulala na mtu mzima mmoja asiyebadilika badilika, na hapo ndipo inabidi kwao kujulikane. Sasa usianze na baba yako yuko wapi. Huku kwetu Wamakonde, Wamwera, Wamakua mtoto ni wa upande wa mama, muulize mjomba wako nani, bibi mzaa mama anakaa wapi. Nimekaa na watoto wanaoapa hawana ndugu, ukimgusia mjomba anakutajia mpaka kijiji. Halafu peleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii hapo manispaa, au piga 116, ni bure, ni namba ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka raia wote tutoe taarifa. Ustawi wakimpata ndugu lazima kwanza wakaione hiyo nyumba, maana kama alikimbia kipigo cha baba wa kambo ukamrudisha kwa huyohuyo atarudi mjini. Ikionekana nyumbani hapafai wapo walezi wa kuaminika wanaokaa na mtoto kwa muda.

FundiViatu_Masasi:
Gundi hawaiokoti, wanauziwa, na wanaouza wengine ni mafundi wenzetu wanawamiminia kwenye chupa kwa mia tano. Hapa kijiweni kwetu tumekubaliana mtoto akija na chupa haondoki na gundi, akisema katumwa na fundi basi aje fundi mwenyewe. Na kopo likiisha tunalikwangua na kulitoboa kabla ya kutupa kwa sababu wanayafuata mpaka jalalani. Dada ongea na mafundi wa hapo karibu, wengi wana watoto wataelewa.

Mchuno:
Na tuwataje pia wanaowalewesha! Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, mtoto anaokota korosho kutwa nzima jioni analipwa kikombe cha uraka, pombe ya mabibo, watu wazima wanacheka. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini nipa, gongo ya mabibo, inapimwa kwa kikombe hadharani na mtoto anauziwa. Sheria hiyohiyo ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi, na mwenyekiti wa mtaa anawajua wauzaji wote.

NililalaStendi:
Mama mimi nilitoka nyumbani niko darasa la nne nikalala stendi. Gundi nilipewa bure na wakubwa siku zile za mwanzo, na hawakupi kwa kukuhurumia, ukishalewa hukatai unachotumwa na asubuhi hukumbuki umefanyiwa nini. Kwa hiyo huyo mdogo jambo la haraka ni asilale na wale wakubwa. Chupa usimnyang'anye, mimi kila aliyeninyang'anya nilimkimbia. Kuna mzee mlinzi wa ghala la korosho alikuwa ananiruhusu nilale barazani kwake, sharti moja tu chupa ibaki nje ya geti. Mwanzoni nilikuwa naamka usiku kuifuata, baadaye ikawa usingizi mtamu kuliko chupa. Shule nilirudia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu.

MamaWaFeri:
Asanteni sana jamani, Mungu awalipe. Hapa tuna mlinzi wa usiku mtu mzima ana heshima zake, nimeshaongea naye kakubali mtoto alale karibu yake. Na leo nimemgusia habari za bibi, kasema yuko Tandahimba ila kijiji hataki kutaja. Jumatatu nataka kwenda ustawi, niende naye?

UstawiMstaafu_Lindi:
Nenda peke yako kwanza, ukimchukua ghafla atahisi anapelekwa polisi. Mwombe afisa aje kunywa chai kwako kama mteja wa kawaida, amzoee mtoto hapohapo. Kijiji usimlazimishe, atakitaja mwenyewe. Na hao wakubwa, yeyote ambaye hajafika 18 ni mtoto kisheria, waandikishe wote.