Tupeane uzoefu: redio, ampli, deki na mashine za santuri za zamani tulizonunua mtandaoni (Arusha na Moshi)

FundiThemi

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi redio hapa Arusha. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu vifaa vya zamani vilivyonunuliwa mtandaoni vimeanza kuzidi vya kisasa mezani kwangu. Vijana wanatafuta redio kaseti, ampli za Kijapani za miaka ya 70 na 80, mashine za santuri. Wengine wanamtafutia mzee National au Philips kama ile aliyokuwa akisikilizia RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Jambo hili nalipenda kwa moyo wote, maana vyombo vile vilitengenezwa vifunguke na vitengenezeke. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu ametoa laki tatu kwa kitu kilichokufa kabla hakijapakiwa kwenye basi.

Karibuni. Uliona tangazo la namna gani, ulilipaje, mzigo ulifikaje, na fundi alikuta nini ndani. Majina ya wauzaji tuyaache, tusije tukamchafua mtu bila ushahidi.

Naanza na la mteja wangu. Alinunua ampli kwa mtu wa Dar, ikaja imefungwa vizuri, inang'aa. Plagi ilikuwa ya pini tatu kama zetu, kwa hiyo alipofika nyumbani Sakina akaichomeka ukutani. Ikanguruma, ikatoa moshi. Nilipoigeuza nikakuta kibati cha nyuma kimeandikwa AC 100 V. Ni chombo cha soko la Japani, na njiani mtu alikata plagi ya pini mbili bapa akafunga ya kwetu bila kuangalia kingine. Umeme wetu ni volti 230. Fyuzi nayo ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya, kwa hiyo hakuna kilichokata umeme, transfoma ikaungua yote. Picha za tangazo zilikuwa nyingi, lakini zote za mbele. Ya nyuma hapakuwa na hata moja.

Mimi naona hivi: tapeli anayekula hela na kuzima simu tunamjua. Ninayemhofia zaidi ni muuzaji mkweli asiyejua anachouza. Anakwambia inawaka, na kweli inawaka.

Binti wa Old Moshi

Fundi, asante kwa uzi. Mimi niko Moshi. Nilikuwa namtafutia baba redio kaseti, ana kaseti zake za kwaya za tangu miaka ya 90 na hataki kusikia habari ya flashi. Nikaona tangazo, redio safi, muuzaji anasema yupo Majengo, bei nzuri, ila eti kuna watu wengine wanaitaka, hivyo nitume nusu ya hela anishikie.

Nikaikuza ile picha. Redio iko juu ya meza, na ukutani nyuma yake kuna soketi yenye matundu mawili membamba yaliyosimama na kitundu cha duara chini. Soketi za Marekani zile. Nyumba gani ya Majengo ina soketi za Marekani? Nikamwomba aiwashe, aweke pembeni karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo, anirekodie video fupi kaseti ikizunguka. Akasema kamera ya simu yake ina shida. Nikamwambia basi mimi ni wa hapahapa, nakuja tuonane stendi. Hapo hapo akanibloku.

Hela ya kushikilia mzigo simtumii mtu. Redio ya baba niliipata sokoni Kiboriloni, nikaisikiliza palepale kwa betri ndipo nikalipa.

FundiThemi

Dada, umefanya vizuri kudai video ya kaseti ikizunguka. Mikanda ya mpira iliyo ndani ikizeeka inalegea, au inayeyuka na kuwa kama lami. Taa zitawaka, redio itashika stesheni, ila kaseti haitembei. Mkanda wenyewe hauna bei kubwa. Kazi ni kupata wenye kipimo sahihi, na kusugua ule uchafu mweusi kwenye puli. Muuzaji akikurekodia, mwambie pia airudishe kaseti nyuma mpaka mwanzo kabisa, kwa sababu mkanda uliolegea huteleza hapo kwanza.

Kijana_Kaloleni

Langu halina utapeli wowote. Nilinunua redio ndogo ya mkononi ya miaka ya 80 iliyotoka Japani, muuzaji akaniambia kila kitu: betri aina gani, mkwaruzo uko wapi, antena imepinda kidogo. Ilipofika nikakuta FM inaishia 90. Stesheni nyingi za hapa Arusha ziko juu ya hapo, kwa hiyo napata chache sana. Kwenye magari tunafunga ekspanda, kile kifaa cha kuongeza masafa ya FM. Fundi, hata kwenye redio ya mkononi inawezekana?

FundiThemi

Redio za soko la Japani zilipangwa kwa megahezi 76 hadi 90, sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Ekspanda ya gari inakaa kati ya waya wa antena na redio, na inakula volti 12 za gari. Redio ya mkononi antena yake imeungwa moja kwa moja ndani, na nafasi hakuna. Fundi mzoefu anaweza kuyasogeza masafa kwa kurekebisha koili, ila namba za mbele hazitasoma sawa tena, na ukimpa asiyejua unaweza kupoteza hata hizo chache. Ikiwa AM na SW zinashika vizuri, mimi nisingeigusa.

Wengine wote: ombeni picha ya karibu ya skeli ya stesheni. Ukiona 76 upande mmoja na 90 upande wa pili, umeshajua.

Mjukuu wa Machame

Hili langu linaniuma mpaka leo.

Tuna kanda ya video ya harusi ya wazazi, ilirekodiwa nyumbani Machame miaka ya 90. Mama alishafariki. Sauti yake hatuna popote pengine, ni kwenye kanda ile tu anapoongea na wageni wakati wa zawadi. Tukakubaliana na ndugu zangu tuchangishane tununue deki, tuitazame pamoja Krismasi watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, halafu tuihamishie kwenye kompyuta.

Deki tuliipata kwenye ukurasa unaouza vitu vya zamani. Tuliuliza swali moja kwa maandishi: inacheza kanda? Jibu likaja kwa maandishi: inacheza na inarekodi, imejaribiwa. Tukatumiwa na video. Sasa hivi ndiyo nimeelewa kwamba video ile inaonyesha deki imewashwa, saa inawaka, mlango unafunguka na kufunga. Kanda haionekani kuingia hata mara moja.

Sebule imejaa watu, baba amekaa mbele. Picha ikatokea, wageni wakaonekana wakiingia, mara mistari ikaanza kupita, kisha mlio, kisha kimya. Ukanda ulikuwa umejisokota kwenye rola. Fundi wa jirani alilazimika kuukata ili utoke. Muuzaji tulipompigia akasema alimaanisha kwamba inawaka vizuri, na kwamba vitu vya zamani havina warranti.

Vipande ninavyo kwenye bahasha. Baba hajauliza tena.

FundiThemi

Pole sana ndugu yangu. Usivitupe vipande hivyo. Ukanda wa video uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia, na kinachopotea ni pale palipokatwa na palipokunjwa, yaani sekunde chache. Mtu asikushauri selotepu ya kawaida, gundi yake inavuja na kuchafua hedi, yaani sehemu ya deki inayosoma ukanda. Weka bahasha mahali pakavu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku. Kisha tafuta mtu mwenye deki anayoitumia kila siku kuhamishia kanda za watu, ajaribu kwanza kanda isiyo na thamani mbele yako, halafu ndipo iingie ya mama, ikirekodiwa moja kwa moja kwenye kompyuta tangu mwanzo.

Deki iliyokaa stoo muda mrefu rola yake ya mpira hukauka na kuwa ngumu, inashindwa kuvuta ukanda kwa mwendo mmoja. Hilo taa haziwezi kukuonyesha.

Mzee wa Santuri

Nimesoma habari ya deki nikanyamaza kwa muda. Poleni sana mwanangu.

Mimi nina santuri za muziki wa dansi tangu ujana wangu. Mwanangu aliyeko Marekani aliniagizia mashine kwa muuzaji wa kule mtandaoni, akanikumbusha ninunue transfoma ya kushusha umeme. Nikanunua. Mashine ikazunguka, hakuna kilichoungua, lakini nyimbo zinaburuta, sauti za waimbaji nzito. Nyimbo hizi nilizicheza ukumbini, najua zinavyokwenda. Huyu anasema sindano, yule anasema santuri zimepinda.

FundiThemi

Shikamoo mzee wangu. Santuri zako hazina tatizo. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mashine nyingi za zamani mota yake inafuata hezi za ukutani. Ile iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwetu inafika kama 27.8. Dawa ni puli ya mota ya hezi 50 ya modeli hiyohiyo, au kuchongewa na mtu wa leizi (mashine ya kuchonga chuma) mwenye kipimo kizuri, iwe nene zaidi kwa uwiano wa 6 kwa 5. Mashine zenye mota ya DC hazina shida hiyo. Kwa hiyo anayenunua kutoka Marekani aulize aina ya mota kabla ya kuuliza rangi.

Muuzaji_Mianzini

Naomba na sisi wauzaji tusikilizwe. Wateja nao wapo wanaotuumiza. Mmoja alinionyesha meseji ya muamala, nikaona jina langu na kiasi sawasawa, nikaangalia salio, hakuna kitu. Meseji ilikuwa imeandikwa na yeye mwenyewe. Mwingine alirudisha ampli akidai mbovu. Nilipoifungua nikakuta transista za pato (zinazosukuma spika) si zile nilizoweka. Alichukua orijino akaweka feki. Tangu hapo kila kinachotoka kwangu nakitia alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu, napiga picha ya ndani, namtumia mteja picha zilezile. Akirudisha, tunazilinganisha. Nashauri mteja adai picha hizo hata kwa muuzaji mwingine. Asiyetaka kufungua kifuniko ana sababu yake.

FundiThemi

Nakuunga mkono kabisa, na hilo la transista feki ni kubwa. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 zimejaa za kughushi, na aisi (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) za STK zilizokuwa ndani ya ampli nyingi za zamani ndiyo usiseme. Ampli ikishaungua pato, gharama ya kupata spea ya kweli inaweza kupita bei uliyonunulia chombo. Ulizeni pia kama kapasita kubwa zimebadilishwa. Zikikauka, ampli inavuma hata bila muziki.

Wakili_Njia Panda

Kwa ufupi. Usifute meseji, tangazo, namba wala jina lililotokea kwenye muamala. Piga picha za skrini mapema kwa sababu matangazo hufutwa. Kapate RB (namba ya taarifa yako) kituo cha polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika na udanganyifu wa aina hii. Namba ya tapeli ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Na ukilipa kwa lipa namba ya biashara, jina la biashara linaonekana. Kutuma kwenye laini ya mtu usiyemjua kunakuacha na jina tu ambalo huenda si lake.

Mama Pasua

Kwa wazazi wenzangu. Mwanangu alinunua TV ya kichogo kwa ajili ya gemu za zamani, ikaja haina picha, akataka kuifungua mwenyewe. Nikamzuia.

FundiThemi

Mama, uliokoa mtoto. Kioo kile kinafanyia kazi volti zaidi ya 20,000, na chaji inaweza kubaki ndani hata plagi ikiwa imechomolewa. Aifungue anayejua kuitoa chaji hiyo. Na kwa wanaozinunua ili watazame: matangazo ya TV ya analojia yalizimwa huku kwetu 2013, kwa hiyo TV iwe na tundu za AV za kuungia king'amuzi, la sivyo utahitaji kifaa kingine cha kugeuza mawimbi.

Mgeni_Usa River

Fundi, mimi ndiyo kwanza natarajia kununua. Kuna ampli ipo Nairobi, muuzaji ananitumia picha zote ninazoomba, hata ya nyuma. Imeandikwa 110-120 V na 220-240 V, katikati kuna kijiswichi. Amecheza wimbo mzima spika zote mbili, nimeona kwenye video. Itapita Namanga. Nilipie?

FundiThemi

Huyo anaonekana ni muuzaji wa kweli. Kabla ya kulipa muulize gharama za forodha Namanga zinabebwa na nani, na mkubaliane kwa maandishi. Mwambie pia azungushe kitasa cha sauti taratibu huku anarekodi, usikie kama kinakwaruza upande mmoja. Kikikwaruza kidogo tu si tatizo, kinasafishika.

Mgeni_Usa River

Amezungusha, kinakwaruza kidogo kushoto. Forodha analipa yeye, mimi nalipa basi.

FundiThemi

Basi lipia. Ikifika usiichomeke siku hiyohiyo. Geuza, angalia kijiswichi kiko kwenye 220-240, maana barabarani kinaweza kusogea, halafu fungua uone kama fyuzi ni fyuzi kweli. Kama huna mita, pita nayo kwangu Themi, nitakupimia bure.